Kutu Isiyotaka Kusomeka: Namna Mpangilio wa Atomi katika Nanochembe za Oksidi za Metali Unavyotafutwa

Maji ya kisima kirefu chenye chuma kingi hutoka ardhini yakiwa safi machoni, lakini yakiachwa kwenye ndoo kwa saa chache huanza kugeuka rangi na kutuamisha tope laini la rangi ya kutu. Chini ya ardhi, mahali pasipo na oksijeni, chuma hukaa kimeyeyuka majini. Kikikutana na hewa hupoteza elektroni, hushikana na oksijeni na kuwa yabisi ya chembe ndogo mno. Mara nyingi sehemu kubwa ya tope hilo ni ferihidriti, oksidi ya chuma iliyobeba maji na haidroksili (jozi ya oksijeni na haidrojeni) ndani yake, ambayo chembe zake huwa na kipenyo cha nanomita 2 hadi 6 tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Dutu hii haiko visimani pekee. Imo katika udongo, katika chemchemi, katika mifereji ya maji yatokayo migodini, na hata ndani ya mwili wa binadamu, ambako protini iitwayo feritini huhifadhi chuma cha akiba katika uwazi wenye upana wa nanomita 8 hivi, unaoweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma zilizopangika kwa namna inayofanana sana na ferihidriti. Ilitambuliwa rasmi kuwa madini katika miaka ya 1970. Pamoja na kuenea kwake kote huko, wataalamu wamebishana kwa zaidi ya nusu karne juu ya jambo ambalo kwa chumvi ya mezani lilimalizwa mwaka 1913, nalo ni mahali hasa zinapokaa atomi zake.

Chanzo cha ubishi huo hakiko katika uzembe wa watafiti, na kinazihusu nanochembe zote za oksidi za metali, ziwe za titani zinazotiwa kwenye mafuta ya kujikinga na jua au za magnetiti zinazotumiwa katika tiba. Mbinu zilizotupatia sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mpangilio wa atomi katika yabisi zilijengwa juu ya dhana kwamba mpangilio huo unajirudia bila kikomo, ilhali nanochembe haijirudii vya kutosha. Anayeichunguza hana budi kuliweka kando swali la kwamba hii ni fuwele gani, aanze kuuliza maswali madogo madogo ambayo kila kifaa kina uwezo wa kuyajibu, kisha ayaunganishe majibu kwa hesabu na kwa tahadhari. Ninaamini kwamba sehemu kubwa ya mabishano katika uwanja huu hutokana na kukipa kifaa kimoja mamlaka ya kujibu swali ambalo hakikuulizwa.

Fuwele kubwa husomwaje

Mwanga tunaouona kwa macho una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700. Atomi ya chuma na atomi ya oksijeni iliyo jirani yake ndani ya oksidi hutenganishwa na nanomita 0.2 hivi. Kwa tofauti hiyo, hakuna lenzi ya kioo itakayoweza kuzitenga atomi hizo, hata ing'arishwe namna gani, kwa kuwa wimbi lenyewe ni pana kupita kiasi. Eksirei zinazotolewa na mrija wa shaba, ambao ndio wa kawaida katika maabara nyingi, zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, yaani kipimo kinacholingana na nafasi iliyopo baina ya atomi. Mwaka 1912 mjini Munich, Max von Laue pamoja na Walter Friedrich na Paul Knipping walionyesha kwamba eksirei zikipitishwa kwenye fuwele hutoka zikiwa zimetawanyika katika madoa yenye utaratibu. Muda mfupi baadaye William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence waliyageuza madoa hayo kuwa njia ya kupima, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mtoto akiwa na umri wa miaka 25.

Utaratibu wenyewe hauna fumbo. Kila atomi inayopigwa na eksirei huitawanya pande zote. Mawimbi yanayotoka kwenye atomi nyingi huingiliana, na katika pande nyingi hufutana, kwa sababu kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine. Katika pande chache tu, zinazotegemea umbali baina ya tabaka za atomi, mawimbi yote huafikiana na kuimarishana, na hapo kipimio huandika kilele. Mahali pa vilele panatueleza ukubwa wa kizio kinachojirudia. Nguvu ya kila kilele inatueleza ni atomi zipi zimo ndani ya kizio hicho na zimekaa vipi. Punje ya mchanga wa rutili, mojawapo ya oksidi za titani, kama zile zilizokuwa zikichimbwa Kwale katika pwani ya Kenya hadi mwisho wa mwaka 2024, ina mamia ya maelfu ya tabaka za atomi zilizopangana kwa utaratibu uleule. Ufutanaji wa mawimbi unakuwa kamili kiasi kwamba kilele hubaki chembamba sana, na wembamba huo ndio unaomruhusu mtafiti kupima umbali baina ya atomi kwa usahihi unaostaajabisha.

Kilele kinapotandazika

Tabaka zikiwa chache, ufutanaji haukamiliki. Paul Scherrer alieleza mwaka 1918 kwamba kadiri fuwele inavyopungua ukubwa ndivyo vilele vyake vinavyopanuka, na kanuni yake bado inatumiwa kila siku kukadiria ukubwa wa chembe. Kwa mrija wa shaba, chembe ya magnetiti yenye kipenyo cha nanomita 30 hutoa kilele kikuu chenye upana wa takriban nyuzi 0.28 za pembe. Chembe ya nanomita 3 hutoa kilele cha nyuzi 2.8, yaani kimepanuka mara kumi, kimepungua urefu, na kimeanza kumezana na majirani zake.

Madhara ya jambo hilo yanaonekana vizuri zaidi katika tatizo linalowasumbua watengenezaji wengi wa nanochembe za chuma, nalo ni kutofautisha magnetiti na maghemiti. Zote mbili ni oksidi za chuma zenye sumaku, na zote zina mpangilio wa namna ya spineli, ambamo atomi nyingine za chuma huzungukwa na oksijeni nne na nyingine na oksijeni sita. Tofauti ni kwamba magnetiti ina chuma kilichopoteza elektroni mbili na chuma kilichopoteza tatu, ilhali katika maghemiti chuma chote kimepoteza tatu, na ili chaji zisawazike baadhi ya nafasi za chuma zimebaki wazi. Kizio cha magnetiti kina upande wa nanomita 0.8396, na cha maghemiti nanomita 0.835 hivi. Tofauti hiyo inakisogeza kilele kikuu kwa nyuzi 0.2 tu. Kwenye fuwele kubwa nyuzi 0.2 ni nyingi na hazina ubishi. Kwenye chembe ya nanomita 3, yenye kilele cha nyuzi 2.8, msogeo huo umefichika ndani ya upana wa kilele chenyewe. Tena magnetiti ndogo ikiachwa hewani huoksidika kuanzia nje kwenda ndani, hivyo chembe moja inaweza kuwa na moyo wa magnetiti na ganda la maghemiti bila mpaka dhahiri kati yao. Makala ya kitaalamu inayotangaza kwamba nanochembe zake ni magnetiti kwa ushahidi wa vilele vya eksirei peke yake inastahili kusomwa kwa mashaka, na makala za aina hiyo ni nyingi.

Kuna na tatizo la uso. Chembe ya magnetiti ya nanomita 3 ina atomi zisizozidi sana 1,300 kwa jumla. Ukichukua tabaka la nje kuwa na unene wa nanomita 0.25, basi asilimia 42 ya ujazo wa chembe hiyo imo katika tabaka hilo, wakati katika chembe ya nanomita 30 ni asilimia 5 tu. Atomi za usoni zimekosa baadhi ya majirani, kwa hiyo husogea, hushika maji au haidroksili, na kubadilisha umbali wao na zile zilizo ndani. Chembe ndogo, kwa maneno mengine, si kipande kilichokatwa kutoka kwenye fuwele kubwa kikabaki na tabia zilezile. Wakati mwingine ukubwa huamua hata aina ya fuwele itakayokuwepo: dioksidi ya titani katika umbo kubwa hutulia zaidi ikiwa rutili, lakini Hengzhong Zhang na Jillian Banfield walionyesha mwaka 1998 kwamba chini ya nanomita 14 hivi, gharama ya nishati ya uso huifanya anatasi, umbo jingine la dioksidi hiyohiyo, iwe tulivu kuliko rutili. Nadhani ndiyo sababu majedwali ya madini makubwa huwapotosha wageni wa fani hii: yameandikwa kwa usahihi, ila kwa ajili ya kitu kingine.

Kuhesabu masafa badala ya kutafuta marudio

Njia ya kutoka kwenye mkwamo huu ilikuwapo tangu mwaka 1915, pale Peter Debye alipoonyesha kwamba mtawanyiko wa eksirei kutoka kwa kundi la atomi lililogeuka pande zote unaweza kuhesabiwa kwa kujua kitu kimoja tu, yaani masafa yaliyopo baina ya kila jozi ya atomi. Hesabu yake haidai kwamba atomi zijirudie. Inafaa kwa fuwele, kwa kioo, kwa kimiminika na kwa chembe yenye atomi chache. Kikwazo kilikuwa kazi ya kuihesabu, maana chembe ya atomi 1,300 ina jozi karibu 845,000, kazi ambayo kompyuta ya leo inaimaliza upesi lakini ambayo kwa kalamu na karatasi haikuwezekana.

Mbinu inayotumika sana leo huifuata njia hiyo kwa kurudi nyuma. Mtafiti hupima mtawanyiko wote, vilele pamoja na vile vilima vya chini ambavyo zamani viliondolewa kama takataka, kisha kwa hesabu ya Fourier huugeuza kuwa mchoro unaoonyesha ni mara ngapi kila umbali baina ya atomi mbili unajitokeza. Katika oksidi ya chuma, kilima cha kwanza hutokea karibu na nanomita 0.2, ambao ni umbali wa chuma na oksijeni jirani. Kinachofuata karibu na nanomita 0.30 ni umbali wa chuma na chuma wanaoshirikiana oksijeni mbili, na kile cha karibu na nanomita 0.34 ni cha chuma na chuma wanaoshirikiana oksijeni moja. Mbele zaidi vilima hufifia, na mahali vinapokoma pamewekewa mpaka na kipenyo cha chembe, kwa sababu hakuna jozi inayoweza kuwa mbali kuliko upana wa chembe yenyewe. Mchoro mmoja hutoa, basi, habari za ujirani wa karibu na za ukubwa kwa pamoja.

Lakini mchoro huo hauonyeshi mahali pa atomi. Ni kama mtu aliyepewa orodha ya masafa baina ya nyumba zote za kijiji, bila majina na bila dira, akaambiwa achore ramani: anaweza kupata ramani inayolingana na orodha, na jirani yake akapata nyingine inayolingana vilevile. Kwa hiyo kuna kambi mbili za kazi. Wa kwanza huanza na kizio kidogo cha fuwele kinachojulikana, hukirekebisha taratibu hadi hesabu ikaribiane na kipimo, na huongeza kizuizi cha ukubwa wa chembe. Matokeo yake husomeka kwa urahisi, lakini yamebeba ndani yake dhana kwamba kizio hicho kipo. Wa pili huchukua maelfu ya atomi na kuziachia kompyuta izisogeze mojamoja kwa bahati nasibu, ikikubali misogeo inayokaribia kipimo, kwa mbinu ambayo R. L. McGreevy na L. Pusztai waliitangaza mwaka 1988. Njia hii haijafungwa na fuwele yoyote, nayo kwa uhuru huohuo inaweza kutoa mpangilio unaolingana na kipimo lakini usiowezekana kikemia, kama haikuwekewa masharti ya umbali na idadi ya majirani.

Yapo pia madai ya kiufundi ambayo si madogo. Ili vilima viwe vyembamba vya kutosha kutengana, mtawanyiko lazima upimwe hadi pembe kubwa kwa eksirei zenye wimbi fupi kuliko la shaba. Mrija wa fedha, wenye wimbi la nanomita 0.056, unaweza kutosha kwa kazi ya kawaida ikiwa mtafiti ana subira ya kupima kwa muda mrefu. Kazi nzuri zaidi hufanyika kwenye sinkrotroni, mitambo mikubwa ya duara ambamo elektroni huzungushwa karibu na kasi ya mwanga na kutoa eksirei kali mno. Afrika haina sinkrotroni yake. Mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi hulazimika kuomba muda wa kutumia mitambo ya Grenoble, Hamburg au kwingineko, au ule wa SESAME ulioko Yordani na ulioanza kazi mwaka 2017, ambao Misri ni mmoja wa wanachama wake. Hata kipimo kikifanyika vizuri, hesabu ya Fourier iliyokatizwa mahali fulani huzaa mawimbi ya uongo yanayofanana na vilima vya kweli. Mchanganuzi asiyeyatambua anaweza kuipa jina jozi ya atomi ambayo haipo.

Kesi ya ferihidriti

Hapo ndipo ubishi wa ferihidriti unapoeleweka. Eksirei za kawaida huipatia vilima viwili vipana, au sita kwa aina iliyopangika zaidi, na wataalamu wameizoea kwa majina ya ferihidriti ya mistari miwili na ya mistari sita. Tayari mwaka 1967 Kenneth Towe na William Bradley walipendekeza mpangilio unaokaribiana na wa hematiti, oksidi nyingine ya chuma, lakini wenye nafasi nyingi za chuma zilizo tupu. Mwaka 1993 Victor Drits na wenzake walipendekeza jambo lenye utata zaidi, kwamba dutu hii ni mchanganyiko wa sehemu tatu, moja isiyo na kasoro, nyingine yenye kasoro nyingi, na ya tatu hematiti iliyosagika sana, huku kila atomi ya chuma ikiwa na oksijeni sita.

Mwaka 2007 Marc Michel na wenzake walipeleka sampuli tatu, zenye chembe za nanomita 2, 3 na 6 hivi, kwenye sinkrotroni ya Argonne huko Illinois, Marekani, wakatumia mbinu ya masafa ya jozi. Michoro ya sampuli zote tatu ilikuwa na vilima vilevile katika mahali palepale. Kilichotofautiana ni umbali ambako vilima vilififia. Wakahitimisha kwamba mchanganyiko hauhitajiki: ferihidriti ni dutu moja yenye mpangilio mmoja, na katika hali yake kamilifu asilimia 20 ya atomi za chuma zina oksijeni nne badala ya sita. Hitimisho hilo lilikuwa safi, na usafi huo uliwavutia watu wengi.

Upinzani ulikuja haraka. Denis Rancourt na Jean-François Meunier mwaka 2008, na Alain Manceau kuanzia mwaka 2009, walieleza kwamba baadhi ya masafa baina ya chuma na oksijeni katika mpangilio huo hayapatani na kanuni za kawaida za kemia ya fuwele, kwamba maji yaliyomo katika dutu halisi ni mengi kuliko yale yanayoruhusiwa na mpangilio mpya, na kwamba kulingana kwa hesabu na mchoro wa masafa hakuthibitishi kuwa hesabu nyingine isingelingana. Hoja hii ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote, na haiihusu ferihidriti pekee. Michel na wenzake walirudi mwaka 2010 na sampuli zilizopashwa joto pamoja na sitrati, ambamo chembe zilikua na kupangika zaidi huku zikipata sumaku, wakarekebisha sehemu ya mpangilio wao wa kwanza. Vipimo vingine vya eksirei vilivyochapishwa mwaka 2011 na 2012, visivyotegemea hesabu ya masafa, vilitoa dalili za chuma chenye oksijeni nne. Mwaka 2015 kikundi cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, kiliripoti kukitenga kishada cha atomi 13 za chuma, ambacho atomi ya katikati ina oksijeni nne na nyingine 12 zimeizunguka, umbile linalojulikana kwa jina la Keggin, na ambalo pia limo ndani ya mpangilio wa Michel. Kuwapo kwa kishada hicho kulifanya iwe rahisi kufikiri kwamba ferihidriti huanza kujengwa kwa vishada hivyo pale chuma kinapotua kutoka majini.

Nikiupima ushahidi wote, naona kwamba kuwapo kwa chuma chenye oksijeni nne katika ferihidriti kumesimama imara kuliko dai kwamba dutu hii ni moja na kamilifu. Ni madai mawili tofauti ambayo katika joto la mabishano yalitendewa kama moja.

Mashahidi wengine

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini chembe hizi zisitazamwe moja kwa moja kwa hadubini ya elektroni. Hutazamwa. Tangu mwaka 1998, Maximilian Haider, Harald Rose na Knut Urban walipoonyesha hadubini yenye lenzi zilizosahihishwa kasoro zake, uwezo wake umeboreshwa hadi kutenga atomi zilizo karibu kuliko nanomita 0.1. Picha hizo ni za kupendeza na huonyesha yale ambayo wastani hauwezi kuonyesha, kama vile kingo, nyufa na chembe mbili zilizoungana. Hata hivyo picha ni kivuli cha chembe nzima kwenye bapa moja, na elektroni zilezile zinazopiga picha zinaweza kuikausha ferihidriti na kuigeuza hematiti wakati mtafiti akiwa anaitazama. Zaidi ya hayo, gramu moja ya chembe za nanomita 3 ina chembe zaidi ya bilioni kumi mara bilioni. Mtafiti aliyepiga picha mia moja ameona kiasi kidogo mno, na kwa tabia ya kibinadamu huenda amezichagua zile zilizopendeza.

Shahidi wa pili ni ufyonzaji wa eksirei. Eksirei ikifikia nishati ya elektronivolti 7,112, chuma huanza kuifyonza kwa ghafla, na umbo la mfyonzo huo karibu na mwanzo wake hubadilika kulingana na ujirani: chuma chenye oksijeni nne hutoa kilele kidogo cha awali chenye nguvu kuliko kile chenye oksijeni sita. Mawimbi madogo yanayofuata hubeba habari za masafa hadi kwa majirani walio ndani ya nanomita 0.4 au 0.5. Faida yake ni kwamba huchagua elementi moja na kuziacha nyingine. Hasara yake ni kwamba haioni mbali. Shahidi wa tatu ni mbinu iliyogunduliwa na Rudolf Mössbauer mwaka 1958, inayotumia chuma cha uzani wa 57, ambacho ni asilimia 2 hivi ya chuma chote cha asili. Hii hutenganisha chuma kilichopoteza elektroni mbili na kilichopoteza tatu, na kwa ajili hiyo ndiyo inayoweza kusuluhisha kesi ya magnetiti na maghemiti pale ambapo vilele vimeshindwa, mradi sampuli ipozwe vya kutosha ili sumaku ya chembe ndogo isiwe inayumba wakati wa kupima.

Wanaobaki ni nyutroni, kwa ajili ya haidrojeni. Eksirei hutawanywa na elektroni. Chuma kinazo 26, oksijeni 8, haidrojeni moja, kwa hiyo katika mchoro wa eksirei haidrojeni karibu haipo. Nyutroni hutawanywa na kiini cha atomi na huiona haidrojeni, hasa sampuli ikitengenezwa kwa maji yenye haidrojeni nzito. Kwa ferihidriti hili si jambo la pembeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubishi inahusu ni haidroksili ngapi zimo ndani ya chembe na ni ngapi zimeshikwa usoni tu. Utaratibu unaozidi kukubalika ni kuzilazimisha data za aina zote hizi zilingane na mfano mmoja kwa wakati mmoja, badala ya kila mbinu kupewa mfano wake. Mfano unaostahimili eksirei, nyutroni na ufyonzaji kwa pamoja una nafasi ndogo zaidi ya kuwa umebahatisha.

Haja ya kujua haya yote inaonekana wazi nchini Bangladesh, ambako maji ya visima vingi yana arseniki, ambayo ni sumu, na chuma kwa pamoja, na chuma kinapotua kikiwa ferihidriti hunasa arseniki hiyo usoni mwake. Vipimo vya ufyonzaji vilivyofanywa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vimeonyesha kwamba arseniki hukaa nanomita 0.33 hivi kutoka kwa chuma, umbali unaoonyesha kuwa imeziunganisha atomi mbili za chuma kwa kupitia oksijeni zao. Idadi ya mahali kama hapo kwenye kila chembe inategemea ni pande zipi za fuwele zimebaki wazi usoni. Mpangilio wa Drits na ule wa Michel, hata vikilingana katika ujirani wa karibu, havitoi nyuso zilezile, kwa hiyo anayekokotoa kiasi cha arseniki ambacho gramu moja ya tope itanasa bado analazimika kuchagua kwanza upande katika ubishi huo.